Damu, Malezi na Ng'ombe: Anthropolojia ya Mwili na Utamaduni na Swali la Urithi Kemambo

1.0 Utangulizi

Kiswahili kina neno moja, urithi, kwa mambo matatu yasiyofanana. Mtoto hurithi umbo la pua ya mama yake. Hurithi hofu na mazoea ya nyumba aliyokulia. Tena hurithi shamba na ng'ombe wa ukoo uliomtolea mama yake mahari. Katika mazungumzo ya kawaida mchanganyiko huu haumdhuru mtu. Katika maabara, na katika baraza la ardhi, unaweza kumdhuru sana.

Makala haya yanahusu taaluma ambayo kazi yake hasa ni kuzitenganisha aina hizo za urithi, yaani anthropolojia ya mwili na utamaduni, na hususan tawi lake linalotumia epijenetiki. Baadhi ya tafiti zake mashuhuri zimefanywa Goma, mahali ambapo Kiswahili ni lugha ya soko na ya wodi ya wazazi, na Samburu, miongoni mwa wafugaji wa kaskazini mwa Kenya. Hata hivyo, maelezo yake kwa Kiswahili bado ni haba. Makala yanaanza na maana ya epijenetiki yenyewe, yanafuata njia waliyopita baadhi ya wataalamu wake, kisha yanafika katika kata ya Kemambo, Wilaya ya Tarime, mkoani Mara, na kuuliza mwanataaluma wa namna hii angekutana na nini huko.

Hoja inayotetewa ni kwamba desturi za Wakurya za ndoa na za vizazi zimekwisha kutenganisha kwa muda mrefu kile ambacho maabara huhangaika kukitenganisha. Mtafiti anayezijua atapata Kemambo nafasi ya kuuliza swali ambalo ni vigumu kuliuliza kwingineko. Asiyezijua atapima kitu kingine na kukiita urithi, na huenda akaacha nyuma yake mtoto aliyenyang'anywa shamba.

2.0 Epijenetiki kwa ufupi

Istilahi yenyewe ilibuniwa na mwanabiolojia Conrad Waddington mwaka 1942, kabla umbo la DNA halijajulikana. Yeye alitaka neno la kutajia njia ambazo jeni hupitia hadi kuumba kiumbe kamili. Maana ya leo ni finyu zaidi: ni elimu ya alama za kikemikali zinazokaa juu ya DNA, au juu ya protini zinazoikunja, zikaamua jeni ipi isomwe na ipi inyamaze, bila kuibadilisha DNA yenyewe.

Msomaji wa hati za kale za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu anaweza kuielewa tofauti hii kwa urahisi. Herufi zilizopo katika mstari ni zile zile. Irabu zinazowekwa juu au chini yake ndizo zinazoamua neno litamkwe vipi, na sukuni huifanya herufi isimame bila irabu yoyote. Alama inayochunguzwa zaidi katika epijenetiki, kundi dogo la kikemikali liitwalo metili, hufanya kazi inayokaribiana na ya sukuni. Likijibandika mwanzoni mwa jeni, kwa kawaida jeni hiyo husomwa kidogo au haisomwi kabisa. Tendo hilo huitwa umetilishaji. Mfano huu una mpaka wake, maana mwandishi wa hati huweka irabu kwa kukusudia, na mwili haukusudii kitu.

Ni muhimu kutochanganya mabadiliko ya alama na mabadiliko ya herufi. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, akiwamo Thomas Nyambo wa Muhimbili, walichapisha utafiti uliowahusisha watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan kuhusu uwezo wa mtu mzima wa kusaga sukari ya maziwa. Waligundua mabadiliko ya DNA yaliyozuka Afrika kando na yale ya Ulaya, na yaliyoenea kwa kasi katika kipindi cha takribani miaka 7,000 iliyopita pamoja na ufugaji wa ng'ombe. Hapo utamaduni uliibadilisha herufi yenyewe, na ilichukua maelfu ya miaka. Alama za epijenetiki zinaweza kubadilika katika miezi tisa ya mimba, na hapo ndipo mvuto wake ulipo kwa wale wanaochunguza njaa na vita.

Majaribio mawili yalifungua mlango. La kwanza lilihusu panya. Mwaka 2004 Ian Weaver, Michael Meaney na wenzao walionyesha kwamba watoto wa panya waliolambwa na kutunzwa sana na mama zao walikuwa na umetilishaji mdogo katika jeni ya kipokezi cha homoni ya mfadhaiko, na walipokua walistahimili misukosuko vizuri zaidi. Jambo la kuzingatia ni hili: watoto wa mama asiyelamba walipohamishiwa kwa mama anayelamba, alama zao zilifuata za mlezi. Aliyewazaa hakuwa ndiye aliyeamua.

La pili lilihusu watu. Mwaka 2008 Bastiaan Heijmans na wenzake waliwachunguza Waholanzi 60 ambao mimba zao zilitungwa wakati wa njaa ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, wakawalinganisha na ndugu zao wa tumbo moja wa jinsia ile ile ambao njaa haikuwakuta. Baada ya miongo sita, umetilishaji wa jeni ya IGF2, inayohusika na ukuaji, ulikuwa umepungua kwa wale wa njaa. Mbinu ya kumlinganisha mtu na ndugu yake ikawa mali ya taaluma nzima.

3.0 Njia ya mwanataaluma

Hakuna mlango mmojawapo rasmi wa kuingilia katika kazi hii. Wengine hutoka maabara wakaelekea kijijini; wengine hutoka kijijini wakaelekea maabara. Mifano miwili inatosha.

Connie Mulligan wa Chuo Kikuu cha Florida alitokea upande wa jeni. Mwaka 2003 jina lake lipo katika utafiti wa jeni za usagaji wa pombe miongoni mwa Wenyeji wa Marekani. Mwaka 2008 katika utafiti wa jinsi watu walivyoingia katika mabara ya Amerika. Mwaka 2009 yeye na Andrew Kitchen walishirikiana na Christopher Ehret, mwanahistoria ambaye jina lake linafahamika kwa kila anayesoma historia ya lugha za Afrika ya Mashariki, na Shiferaw Assefa, kukadiria umri wa lugha za Kisemiti kwa kutumia hesabu zile zile zinazotumiwa kukadiria umri wa nasaba za jeni. Walihitimisha kwamba asili ya lugha hizo ni Mashariki ya Kati, mwanzoni mwa Zama za Shaba. Kwa wanaisimu jambo hili ni la kukumbukwa: mtaalamu wa jeni aliyejifunza kuyahesabu maneno ndiye baadaye aliyekwenda kuwauliza kina mama wa Goma yaliyowapata.

Utafiti wa Goma ulichapishwa mwaka 2012. Mulligan, Nicole D'Errico na wenzao walifanya kazi katika hospitali ya HEAL Africa, wakachukua sampuli kutoka kwa mama 25 na watoto wao waliozaliwa hapo. Vipimo vya mfadhaiko havikuletwa vyote vikiwa tayari kutoka ng'ambo. Vilitokana pia na mazungumzo na kina mama wenyewe, na kwa hiyo vilihusu vita, ubakaji na kukimbia makazi pamoja na shida za kila siku za kukosa fedha na chakula. Matokeo yalikuwa kwamba kadiri mama alivyopatwa na mateso zaidi wakati wa mimba, ndivyo umetilishaji wa jeni ya NR3C1 ulivyoongezeka katika damu ya kitovu cha mtoto, na uzito wa mtoto ulivyopungua. Katika damu ya mama mwenyewe uhusiano huo haukuonekana. NR3C1 ndiyo jeni ile ile ya kipokezi cha homoni ya mfadhaiko iliyochunguzwa kwa panya.

Utafiti huu umetajwa sana, na pengine umebebeshwa mzigo kuliko unavyoweza kubeba. Jozi 25 ni chache. Tena kwa panya ilipimwa sehemu ya ubongo, na kwa mtoto wa Goma ilipimwa damu, maana ubongo wa mtu aliye hai haufikiki. Na alama zilizomo katika damu si lazima ziwe zile zilizomo katika ubongo. Thamani yake kubwa ipo katika utaratibu: kwamba orodha ya maswali ya mfadhaiko ilitungwa kwa kusikiliza kabla ya kupima.

Bilinda Straight wa Chuo Kikuu cha Western Michigan alipita njia iliyo kinyume. Alianza kama mwanaethnografia wa Wasamburu, na kitabu chake cha 2007 kinahusu kifo, miujiza na simulizi za watu waliosemekana kufa wakarudi. Mtu angeweza kudhani kwamba mwandishi wa kitabu kama hicho yuko mbali kabisa na pipeti na mashine za maabara. Lakini ukame mkali wa 2008 hadi 2009 uliwakumba watu ambao aliwajua kwa miaka mingi, na swali la kile walichokipata watoto waliokuwa tumboni likawa swali lake. Akiwa pamoja na wenzake, miongoni mwao Charles Owuor Olungah wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliwalinganisha watoto waliokuwa tumboni wakati wa ukame na ndugu zao wa jinsia moja ambao ukame haukuwakuta tumboni. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yaliuhusisha ukame huo na tofauti za umetilishaji na za ukuaji wa watoto, na kupendekeza kwamba umetilishaji huenda ni mojawapo ya njia ambazo ukame hupitia ili kuingia mwilini.

Mbinu ya ndugu ilitoka Uholanzi, lakini Samburu haikuweza kutumika kwa kuinakili tu. Uholanzi zilikuwapo kumbukumbu za hospitali na za mgawo wa chakula. Samburu ilibidi kumbukumbu hizo zitoke vinywani mwa kina mama, na si rahisi mama kumweleza mgeni jinsi alivyokaa na njaa akiwa mjamzito huku akichunga mifugo. Miaka ambayo mtafiti alikwisha kuitumia katika kujifunza lugha na kuzika pamoja na watu ndiyo iliyoyawezesha majibu hayo. Inasikitisha kwamba miaka ya aina hiyo huhesabiwa kidogo sana vyuo vinapopima kazi za walimu wao: makala moja ya maabara yenye waandishi kumi huonekana upesi, na mwaka mmoja wa kujifunza lugha hauonekani popote.

Kwa Mtanzania anayetaka kuifuata njia hii hakuna idara moja inayoifundisha yote. Atachukua biokemia Muhimbili na elimu ya jamii Mlimani, au atachukua moja nyumbani na nyingine ng'ambo. Atahitaji kibali cha maadili ya utafiti wa afya kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya 1979, na sampuli zake zitakuwa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Vinasaba vya Binadamu ya 2009. Haya yanafahamika na yanatekelezeka. Ugumu hasa unaanzia kijijini.

4.0 Kemambo: nani ni bibi wa nani?

Kata ya Kemambo ipo upande wa kaskazini wa Mto Mara, katika eneo la Nyamongo. Ng'ambo ya mto ni Wilaya ya Serengeti. Wakazi wake wengi ni Wakurya, wakulima wenye ng'ombe. Jirani upo mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002.

Mtafiti wa mfadhaiko hatakosa matukio ya kuyachunguza hapa. Michael Fleisher, katika kitabu chake cha 2000 kuhusu wizi wa ng'ombe wa Wakurya, ameeleza jinsi uvamizi huo ulivyozidi kuwa wa umwagaji damu baada ya vita vya Uganda vya 1978 hadi 1979, bunduki zilipoenea. Mapigano ya koo, wasiwasi wa usiku, ardhi iliyochukuliwa na mgodi na fidia zake zenye ugomvi, yote yanaweza kuwekwa katika orodha. Lakini hapa pia ipo kemikali. Mei 2009 maji ya mgodi yalivuja kuelekea Mto Tigithe, na wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukamatia dhahabu. Metali katika maji nazo zinaweza kuathiri umetilishaji. Mtafiti akipata alama katika damu ya mtoto wa hapa, hawezi kusema ni hofu au ni maji mpaka awe amepima vyote viwili.

Hata hivyo, ugumu wa kina zaidi ni wa maneno ya ujamaa. Tafiti za hivi karibuni zimepiga hatua kutoka mama na mtoto hadi vizazi vitatu. Mwaka 2025 Mulligan, pamoja na Rana Dajani na Catherine Panter-Brick, walichapisha utafiti wa familia 48 za Wasiria. Katika baadhi ya familia hizo bibi alikuwa mjamzito wakati wa mashambulio ya Hama mapema katika miaka ya 1980. Katika nyingine mama alikuwa mjamzito katika vita vilivyoanza 2011. Nyingine zilikuwa zimeondoka Siria kabla ya yote. Waliripoti mahali 14 penye tofauti za umetilishaji kwa wajukuu wa bibi waliokuwa wajawazito Hama. Msingi wa swali lao ni wa kibiolojia: mtoto wa kike aliye tumboni tayari ana chembe zitakazokuwa mayai yake, na mtoto wa kiume tayari ana chembe zitakazozaa mbegu zake. Kwa maana hiyo, ndani ya mwili wa mjamzito mmoja vimo vizazi vitatu.

Wataalamu wengi bado wana shaka kama alama hizo kweli hupita kwa binadamu kutoka kizazi hadi kizazi, kwa kuwa sehemu kubwa yake hufutwa na kuandikwa upya wakati wa utungaji wa mimba. Shaka kubwa zaidi ni ya malezi. Bibi aliyeteseka huwalea watoto na wajukuu kwa namna fulani, na malezi nayo huandika alama, kama panya walivyoonyesha. Kwa panya tatizo lilitatuliwa kwa kuwahamisha watoto. Kwa binadamu hakuna mtafiti anayeruhusiwa kufanya hivyo.

Wakurya wana desturi inayofika karibu na jambo hilo bila mkono wa mtafiti. Ndoa ya nyumba ntobhu, ambayo imeelezwa na wanaethnografia kadhaa, humruhusu mwanamke asiye na mtoto wa kiume kutoa ng'ombe na kumwoa mwanamke kijana. Kijana huyo huitwa mokamoona, yaani mke wa mwana, ingawa mwana mwenyewe hakuzaliwa. Huzaa na mwanamume ambaye hana dai lolote juu ya watoto. Watoto ni wa nyumba iliyotoa ng'ombe, na mwanamke mzee ni bibi yao kwa haki zote: huwalea, huwapa jina la nyumba, na mali yake huwa yao.

Huyu ni bibi asiye na uhusiano wowote wa jeni na wajukuu wake. Kama naye aliteseka katika ujana wake, kisha wajukuu wake wakakutwa na alama za mfadhaiko, alama hizo haziwezi kuwa zimepita katika yai wala mbegu. Zimepita katika malezi, au zimetokana na mazingira wanayoishi pamoja.

Jambo hili hupata uzito zaidi likiwekwa kando ya ndoa nyingine za nyumba hiyo hiyo. Mwanamke anayeoa mokamoona mara nyingi ana mabinti. Mabinti huolewa nje na kwenda kuishi kwa waume zao, na ng'ombe wa mahari yao ndio mara nyingi humwolea mama yao mokamoona. Kwa hiyo mwanamke mmoja anaweza kuwa na wajukuu wa aina mbili. Wa binti wana damu yake na wamelelewa mbali naye. Wa mokamoona hawana damu yake na wamelelewa mapajani pake. Katika nyumba ya jirani, mwanamke mwenye wana wa kiume ana wajukuu wenye vyote viwili. Ng'ombe wale wale walioondoka na kurudi wamechora mpango wa utafiti ambao mtaalamu wa takwimu angeutamani.

Mpango huo si safi kama unavyoonekana katika karatasi. Baba mzazi wa watoto wa mokamoona pengine hutoka katika ukoo wa mume wa mwanamke mzee, na hapo damu ya ukoo hurudi kwa mlango wa nyuma, ingawa si ya bibi. Mokamoona mwenyewe mara nyingi hutoka katika familia maskini, na ana mateso yake ambayo hayahusiani na ya mwanamke aliyemwoa. Tena nyumba za namna hii hazipatikani kila mlango. Lakini kasoro hizi zinaweza kuhesabiwa ikiwa mtafiti anazijua. Tatizo ni yule anayefika na dodoso lililotafsiriwa, akauliza "Bibi yako ni nani?", akaandika jibu, na asijue kwamba ameandika jibu la sheria katika safu ya baiolojia. Nyumba chache za ntobhu zikichanganyika katika sampuli ndogo, zinatosha kuyapotosha matokeo ya vizazi vitatu.

Neno kizazi nalo lina mtego wake. Malcolm Ruel, katika makala yake ya 1962, alieleza amakora, yaani marika ya vizazi ya Wakurya, ambamo mtu huingia kwa kufuata kizazi cha baba yake na si kwa umri wake. Kwa sababu mtu anaweza kuendelea kupata watoto kwa miaka mingi kwa wake kadhaa, watu wa kizazi kimoja wanaweza kupishana umri kwa miongo. Mtafiti akiuliza "Wa kizazi chako walikuwa wapi wakati wa vita?", atapewa jibu sahihi kwa swali ambalo hakulikusudia. Anachokihitaji ni mwaka na mwezi wa mimba, na huo hupatikana kwa kuuliza mvua, mavuno, tohara ya mwaka gani, na ng'ombe walioibwa lini.

5.0 Hatari ya matokeo

Yaliyoelezwa hadi hapa ni faida za kisayansi. Upo upande mwingine ambao ni mzito zaidi.

Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitambua ndoa kuwa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Nyumba ntobhu, basi, haina kinga ya sheria hiyo. Inasimama kwa desturi na kwa ng'ombe waliokwisha kutolewa mbele ya mashahidi. Mtoto wa mokamoona ni mrithi kwa sababu jamii inakubali kwamba ni mrithi. Matokeo ya maabara yanayoonyesha kwamba hana jeni za bibi yake wala za mume wa bibi hayamwambii mtu yeyote kijijini jambo jipya, maana wote wanajua. Yakiwekwa katika karatasi yenye muhuri, hata hivyo, yanageuka kuwa ushahidi. Mahali ambapo ardhi inaweza kufidiwa na mgodi, ndugu wa mume hawatakosa wa kuwashauri waitumie karatasi hiyo. Mtoto aliyekuwa na haki jioni anaweza kuamka hana.

Sheria ya vinasaba ya 2009 na ile ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 zinaweka mipaka kwa wale wanaochukua na kutunza taarifa hizi. Ni kinga ya lazima, lakini haitoshi katika kata ambayo kila mtu anajua nyumba ya kila mtu. Kuondoa jina katika orodha hakufichi kitu ikiwa maelezo yanasema "kaya yenye bibi mjane, mokamoona mmoja na watoto wanne". Njia salama zaidi ni kutopima kabisa kile kisichohitajika. Swali la malezi halihitaji ithibati ya jeni ya nani ni baba. Linahitaji umetilishaji wa mahali fulani, pamoja na historia ya malezi iliyosimuliwa kwa hiari. Kipimo cha nasaba hata kikiwa rahisi kukifanya kwa sampuli ile ile, hakifai kufanywa.

Hatari ya pili huwaangukia akina mama wote, wenye nyumba ntobhu na wasio nazo. Mwaka 2014 Sarah Richardson na wenzake waliandika katika jarida la Nature wakionya kwamba matokeo ya epijenetiki yanageuzwa haraka kuwa lawama kwa mama: kwamba alikula vibaya, alihangaika, akamharibu mwanawe tumboni. Katika Kiswahili lawama hiyo imekwisha kujengwa ndani ya kitenzi. Mtu akisema "mama alimrithisha mtoto mfadhaiko", mama ndiye mtenda. Sentensi hiyo hiyo inaweza kuandikwa "mtoto alifikiwa na vita akiwa tumboni", na hapo vita ndivyo vinavyobeba tendo. Hili ni zaidi ya suala la mtindo. Mama wa Goma hakuleta vita, wala mama wa Samburu hakuzuia mvua, na sarufi ya ripoti inayowafikia ndugu zao wa Mara haina budi kulionyesha hilo.

Istilahi nazo zinahitaji uangalifu kabla ya fomu ya ridhaa kusomwa. Vinasaba limekwisha kuzoeleka kwa maana ya DNA, kutokana na kesi za polisi na za malezi ya watoto, na kwa sababu hiyo mtu wa kawaida akilisikia hufikiri mara moja juu ya kumtafuta baba. Fomu inayosema "tutapima vinasaba vyako" itawafukuza watu wa nyumba ntobhu, na watakuwa wamefanya sawasawa kukimbia. Epijenetiki ni neno lisilo na maana kwa msikilizaji wa kwanza. Pendekezo la kueleza badala ya kutaja lina nafuu: kwamba kitapimwa namna mwili wa mtoto ulivyozoea taabu au raha aliyokutana nayo, na kwamba hakitapimwa ni mtoto wa nani. Sehemu ya pili ya sentensi hiyo inapaswa kusemwa kwa sauti, kwa Kikurya na kwa Kiswahili, mbele ya iritongo, baraza la wenyeji, kisha irudiwe faraghani kwa kila mama, maana mbele ya wazee mama hawezi kukataa kwa urahisi.

Upo pia mpangilio wa maswali. Dodoso za kliniki huanza na mzazi: jina la mama, umri wake, idadi ya mimba. Kwa Kemambo mpangilio huo unapaswa kupinduliwa, ili mtu aulizwe kwanza amelelewa na nani, katika nyumba ya nani, na kwa ng'ombe wa nani. Aliyemzaa atatajwa baadaye na msimulizi mwenyewe, akiona inafaa kumtaja. Asipomtaja, safu hiyo ya karatasi itabaki tupu, na hesabu za maabara zitapaswa kufanywa pasipo jibu hilo.